Kuwasha Gari kwa Rimoti: Mwongozo Kamili wa Kulinda Kiyoyozi na Umeme wa Gari Lako

Gari lililoegeshwa juani mjini Kisumu mchana wa Januari au Februari, hewa ya nje ikiwa karibu nyuzi 30, huweza kufika nyuzi 50 ndani yake kabla saa moja haijaisha, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika nusu saa ya kwanza. Vifaa vya kuwashia gari kwa rimoti vilipendwa kwanza na watu wa nchi za baridi, ambao hutaka injini ipate moto kabla hawajatoka nyumbani, na baadhi ya magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hufika Mombasa yakiwa navyo tayari. Huku kwetu haja ni kinyume: tunataka kiyoyozi kianze kazi kabla hatujashika mlango.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba kifaa hiki hakizalishi umeme wala baridi. Kinaviomba vyote viwili kwa betri, alteneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri), kompresa (pampu ya gesi ya kiyoyozi) na feni ambazo gari lilikuwa nazo tangu awali, na kinaviomba wakati usiofaa: injini inazunguka polepole, gari limesimama, na hakuna upepo wa safari unaopita kwenye kondensa, yaani sehemu ya mbele inayotoa nje joto la kiyoyozi. Gari lililo sawa halidhuriki kwa hilo. Gari ambalo betri yake imechoka, au ambalo feni ya kondensa inazunguka kwa kusitasita, litaonyesha udhaifu wake ndani ya wiki chache, na mwenyewe atalaumu rimoti. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na vipimo, na kazi ya kufunga kifaa inakuja baadaye.

Kinachotokea unapobonyeza rimoti

Rimoti inapotuma mawimbi ya redio, kisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi hukagua masharti kadhaa kabla ya kukubali: gia iko kwenye P, bonneti imefungwa, breki haijakanyagwa, na mara nyingi milango imefungwa kwa kufuli. Kisha hufanya kazi ambayo mkono wako hufanya kwa ufunguo. Hupeleka umeme kwenye nyaya za injini, huizungusha stata (mota inayoianzisha injini), na baada ya kuhakikisha kwamba injini imeshika, huachia stata na kupeleka umeme kwenye nyaya za vifaa vya ndani, ikiwemo feni inayopuliza hewa ya kiyoyozi.

Zingatia mpangilio huo wa mwisho, kwa maana ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Unapowasha kwa ufunguo, swichi hukata feni, redio na vifaa vingine kwa muda stata inapozunguka, ili nguvu yote ya betri iende kwenye stata, ambayo kwa injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200. Kifaa kilichofungwa vizuri huiga tabia hiyo. Kilichofungwa ovyo huacha feni ikivuta umeme wakati uleule, na betri iliyokuwa ikimudu inaanza kulemewa.

Mzunguko mmoja wa stata, kwa kweli, haumalizi betri. Ampea 150 kwa sekunde mbili ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea-saa, na alteneta hulipa deni hilo kwa dakika chache. Kinachoimaliza ni yale yanayofuata. Feni ya ndani ikiwa kwenye kasi ya juu huvuta ampea 15 hadi 20, feni ya kondensa huvuta kama 10, koili ya klachi ya kompresa huvuta 3 au 4, taa mbili za mbele za halojeni hufikisha 9, na injini yenyewe, kwa pampu ya mafuta, injekta na koili za kuwashia, huhitaji fungu lake. Jumla hiyo huvuka ampea 45 kwa urahisi. Alteneta iliyoandikwa ampea 80 hutoa kiasi hicho kwenye mwendo wa barabarani. Injini inapozunguka polepole na joto limepanda chini ya bonneti, inaweza kutoa nusu tu. Pengo linalobaki hujazwa na betri, huku mwenye gari akiamini kwamba betri inachajiwa kwa kuwa injini inanguruma.

Hatua ya kwanza: pima betri na chaji

Nunua au azima mita ya umeme ya kawaida. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, weka mita kwenye volti za DC na uguse ncha mbili za betri. Volti 12.6 au zaidi kidogo ni betri iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Na ikiwa chini ya 12, betri hiyo ama haina chaji ama inaelekea mwisho wake. Mwombe mtu awashe gari ukiwa unaangalia mita. Stata inapozunguka, volti zisishuke chini ya 9.6, na kwa joto la Kisumu ningependa kuona zikibaki juu ya 10, kwa kuwa huku hatuna kisingizio cha baridi.

Injini ikishika, volti zipande hadi kati ya 13.8 na 14.7. Hapo ndipo kipimo chenye maana kinapoanza: bila kukanyaga mafuta, washa kiyoyozi, weka feni kwenye kasi ya mwisho, washa taa kubwa, na kama kioo cha nyuma kina nyaya za kuondolea ukungu, washa hizo pia. Subiri dakika tano. Volti zikibaki juu ya 13.2, gari lako lina uwezo. Zikishuka chini ya 12.8 na kuendelea kushuka, ina maana betri inaliwa injini ikiwa inazunguka, na kuongeza kifaa cha rimoti kabla ya kurekebisha hali hiyo ni kujitafutia usumbufu. Magari mengi ya miaka ya karibuni huacha kompyuta iongoze alteneta, kwa hiyo unaweza kuona volti zikiwa chini wakati hakuna mzigo, bila hitilafu yoyote. Ndiyo maana nimesisitiza kuwasha taa na feni kabla ya kutoa hukumu.

Usisahau waya wa athi, ule unaounganisha ncha hasi ya betri na chuma cha gari. Gusa ncha hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita na chuma cha injini kwa waya wa pili, kisha gari liwashwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti stata inapozunguka, kiungo cha athi kina kutu au kimelegea. Kukisafisha kwa brashi ya chuma na kukikaza ni kazi ya dakika kumi, na nimeona mara nyingi kiungo kama hicho kikisababisha betri nzuri itupwe bure.

Joto nalo ni adui wa betri, hata pale linapoonekana kurahisisha kuwasha. Kwa kanuni inayotumiwa na mafundi, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri ya asidi kwa takriban nusu. Betri inayokaa kando ya injini mjini Kisumu huzeeka haraka kuliko ile iliyo Nakuru, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, hata kama zilinunuliwa siku moja.

Hatua ya pili: tafuta umeme unaovuja gari likiwa limelala

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na mimi ningeipa uzito kuliko zote. Gari la Kenya la siku hizi mara nyingi lina kengele ya wizi, kifaa cha kufuatilia kilichodaiwa na bima au na mkopeshaji, kamera ya dashibodi na redio iliyobadilishwa. Kila kimoja hunywa umeme kidogo usiku kucha. Kifaa cha kuwashia kwa rimoti nacho hakilali, kwa kuwa lazima kisikilize mawimbi saa zote.

Zima gari, toa ufunguo na uupeleke mbali, fungua bonneti, na ukiwa na subira, acha gari litulie kwa nusu saa ili kompyuta zake zilale. Weka mita kwenye kipimo cha ampea 10, ondoa waya hasi wa betri, na uunganishe mita kati ya waya huo na ncha ya betri. Kuondoa waya huo huamsha baadhi ya kompyuta, kwa hiyo subiri tena kabla ya kusoma. Usithubutu kuwasha gari wala kufungua mlango mita ikiwa hapo, kwani fyuzi ya mita inaweza kuungua. Kipimo cha miliampea 50 au chini yake ni cha kawaida.

Tuseme mita imesoma miliampea 80. Kwa siku moja hizo ni karibu ampea-saa 2. Betri ya NS60, ambayo hubeba ampea-saa 45 hivi ikiwa mpya, itapoteza nusu ya chaji yake kwa siku kumi na mbili. Aliyeacha gari uwanja wa ndege wa Kisumu kwa wiki mbili atarudi kuomba msaada wa nyaya za kuchajia. Kwa NS40, ambayo ni ndogo zaidi na hupatikana kwenye magari mengi ya injini ndogo, siku hupungua hata zaidi. Ikiwa uvujaji umezidi, toa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukiangalia mita. Ile inayoshusha namba ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi utakuta ni redio au kengele iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri.

Hatua ya tatu: hakikisha kiyoyozi kinaweza kufanya kazi gari likiwa limesimama

Kompresa ya gari la kawaida huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini inapozunguka polepole, nayo huzunguka polepole. Gesi inayotoka humo ikiwa na joto kali hupoteza joto lake kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Barabarani upepo wa safari husaidia. Gari likisimama, feni ya umeme hubaki peke yake. Feni hiyo ikishindwa, shinikizo la gesi hupanda hadi swichi ya usalama ikate kompresa, na dereva hupata hewa vuguvugu inayokuja na kupotea. Joto la injini nalo hupanda, na hakuna mtu ndani ya gari wa kuona mshale.

Kwa hiyo washa kiyoyozi, simama mbele ya gari na uangalie kupitia kwenye grili. Feni iingie mara moja au baada ya muda mfupi, izunguke kwa nguvu na bila mlio wa kukwaruza. Sikiliza mngurumo wa injini: inapobebeshwa kompresa, inapaswa kuinua mzunguko wake kidogo, kisha itulie. Ikitetemeka kama inayotaka kuzima, throto au plagi zinahitaji kuangaliwa kwanza. Huko Nakuru, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, injini ya sisi (cc) 1,000 hulihisi jambo hili zaidi.

Kagua pia uso wa kondensa. Kando ya ziwa, wadudu wadogo wanaotoka majini kwa makundi kama moshi hunaswa kwenye mapezi yake, wakachanganyika na vumbi na kuwa kama tope kavu. Osha kwa maji ya bomba yasiyo na presha kubwa, kwa maana mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi. Chujio la hewa ya ndani, ambalo kwa kawaida hukaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, likizibwa na vumbi hupunguza hewa inayopuliza, nawe hulazimika kuongeza kasi ya feni, hivyo ampea, bila kupata baridi. Ukihisi kwamba gesi imepungua, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kunyonya na kupima uzito wa gesi. Kuongeza kwa kukadiria huzidisha shinikizo, na madhara yake huonekana kwanza gari likiwa limesimama.

Hatua ya nne: kufunga kifaa

Vipimo vikiwa sawa, sasa zungumza na fundi wa umeme wa magari, na umsikilize anavyojibu. Mwulize atachukua umeme mkubwa wapi, na ataweka fyuzi umbali gani kutoka hapo. Fyuzi iwe karibu na chanzo, kwa kuwa waya usio na fyuzi ukisuguliwa na chuma huwaka moto. Mwulize kama viungo vitaunganishwa kwa lehemu au kwa kukaza vishikizo vinavyofaa, kisha kufunikwa. Viungo vya kusokota kwa vidole na kufunga utepe hulegea kwa mtikisiko wa barabara zetu, na kwa mkondo wa ampea 20 au 30, kiungo kilicholegea huyeyusha plastiki.

Swali la muhimu kuliko yote kwa mtu anayetaka baridi ni hili: je, ataunganisha nyaya zote za swichi? Magari mengi yana waya mmoja wa injini, na mwingine wa pili au wa tatu unaolisha feni na paneli ya kiyoyozi. Fundi mwenye haraka huunganisha ule wa injini na wa stata tu. Gari linawaka, analipwa, nawe unagundua kesho yake kwamba injini inazunguka kwa dakika kumi ndani ya gari lenye joto lilelile. Hitilafu hiyo si ya kompresa, na kuongeza gesi hakutaiponya.

Kuhusu immobilaiza, yaani kinga inayozuia gari kuwaka bila ufunguo wake, nina msimamo mkali. Baadhi ya mafundi huficha ufunguo wa akiba chini ya dashibodi ili kompyuta iamini kwamba mwenyewe yupo. Njia hiyo humwachia mwizi gari lisilo na kinga. Tafuta kifaa kinachozungumza na kompyuta kwa laini ya data kwa muda wa kuwasha tu. Kwa gari la gia ya mkono ningekushauri uache kabisa: likisahauliwa kwenye gia, litaruka mbele bila dereva. Na kwa dizeli, kama Prado au Hiace, hakikisha kifaa kimepangwa kusubiri plagi za moto zimalize kazi kabla ya kuzungusha stata.

Swichi ya bonneti isiachwe. Ndiyo inayozuia injini kuwaka mikono ya fundi ikiwa kwenye mkanda.

Hatua ya tano: panga muda na kiyoyozi

Vifaa vingi hukubali kuzungusha injini kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuzima vyenyewe. Kwa Kisumu, dakika tano hutosha. Zaidi ya hapo unachoma mafuta kwa faida ndogo, kwani injini ndogo yenye kiyoyozi hutumia takriban lita moja kwa saa ikisimama, na baridi ya maana huja gari likianza kwenda.

Kifaa hakiamui kiyoyozi kiweje. Gari lenye vitufe vya kuzungusha huendelea na ulivyoviacha. Kwa hiyo, kabla ya kushuka, acha kitufe cha AC kikiwa kimebonyezwa, joto kwenye upande wa baridi, na feni kwenye kasi ya pili wala si ya nne, ili injini isianze na mzigo wote kwa pamoja. Weka hewa iingie kutoka nje. Wengi huchagua kuzungusha hewa ya ndani, lakini hewa hiyo ina nyuzi 50 na ya nje ina 30. Ya nje huisukuma ile ya moto itoke. Ukishaingia na kuanza safari, ndipo ubadilishe. Zima taa, redio na waipa, na uchomoe chaja za simu. Gari lenye paneli ya kielektroniki huenda likasahau mpangilio. Jaribu mara moja ukiwa umesimama kando, ili ujue lako ni la aina gani.

Wakazi wa Nakuru wanaotaka kuondoa ukungu kwenye vioo asubuhi za Juni na Julai watumie kiyoyozi pamoja na joto, kwa kuwa kiyoyozi hukausha hewa, lakini nyaya za kioo cha nyuma waziwashe baada ya kuondoka. Nyaya hizo huvuta ampea 10 hadi 20.

Hatua ya sita: matumizi ya kila siku

Usiwashe kamwe gari likiwa ndani ya gereji iliyofungwa au chini ya dirisha la chumba cha kulala. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, na kwenye ploti zetu magari huegeshwa hatua chache tu kutoka vitandani. Lisiachwe likizunguka juu ya nyasi kavu, kwani kichujio cha moshi huwa na joto la kutosha kuziwasha. Ukipeleka gari kwa fundi au kwa waoshaji, zima huduma ya rimoti kwa kitufe chake.

Unapoingia, ingiza ufunguo na uuzungushe hadi kwenye ON pekee, kisha kanyaga breki. Ukiupeleka hadi kwenye kuwasha, stata itagongana na injini inayozunguka tayari.

Mtu anayetoka Milimani hadi katikati ya mji wa Kisumu na kurudi hairudishii betri yake chaji ya kutosha, hasa akiwasha kwa rimoti mara tatu kwa siku. Mara moja kwa wiki gari lipate safari ya nusu saa au zaidi. Njia ya Kakamega, yenye takriban kilomita 50, inatosha sana. Asiyeweza anunue chaja ndogo ya nyumbani.

Magari ya haibridi na ya umeme

Hapa mambo hubadilika. Toyota Aqua, Prius na wenzao wana kompresa inayoendeshwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo kiyoyozi kinaweza kufanya kazi injini ikiwa imezimwa. Prius ya kizazi cha tatu iliuzwa katika baadhi ya matoleo na kitufe cha kuwashia kiyoyozi kwa mbali, kinachofanya kazi kwa dakika tatu hivi. Usifunge kifaa cha kununua sokoni juu ya mfumo huo bila fundi anayeujua. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme wa volti nyingi unaoweza kuua, na si za kuguswa na mtu asiye na mafunzo.

Magari haya yana betri ya volti 12 pia, ndogo, ambayo huamsha kompyuta. Ikiisha chaji, gari haliendi hata betri kubwa ikiwa imejaa. Kwa hiyo kipimo cha uvujaji cha hatua ya pili kinawahusu kuliko wote, na kifanywe upya wiki moja baada ya kila kifaa kipya kufungwa, wakati fundi bado anaikumbuka kazi yake na dhamana bado ipo.